Duka kwenye kisiwa cha Ugiriki: habari ya euro 500 inasema nini na haisemi nini

Kila baada ya miezi kadhaa ile video inarudi kwenye makundi ya WhatsApp. Nyumba nyeupe, milango ya buluu, paka amelala kwenye ngazi, na maandishi makubwa: kisiwa hiki cha Ugiriki kinakulipa euro 500 kila mwezi ukikubali kuhamia. Chini yake watu wanaulizana. Fomu inajazwa wapi? Mtanzania anaruhusiwa? Naweza kufungua kiduka cha vinyago na vikoi? Na siku hizi wapo wanaojibu maswali hayo kwa kutoa namba ya simu na kudai ada ya "usajili". Hao ndio walionifanya niandike makala haya.

Tuanze na habari yenyewe, maana ina ukweli ndani yake. Kisiwa kinaitwa Antikythera. Kiko kati ya Kythera na Krete, kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 20, na wakazi wake hawafiki mia. Wapenda historia wanakijua kwa ile mashine ya kale ya shaba iliyokokotoa nyendo za jua na mwezi, ambayo wapiga mbizi wa sifongo waliiopoa kutoka kwenye meli iliyozama, mwaka 1901. Mwaka 2019 ikaenea duniani habari kwamba kanisa la Kiorthodoksi la eneo lile, likishirikiana na viongozi wa kisiwa, linatafuta familia chache zenye watoto. Kila familia ingesaidiwa makazi na euro 500 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Walitaja na watu wanaowahitaji: mwoka mikate, mvuvi, fundi ujenzi.

Angalia mambo mawili. Kwanza, zilikuwa familia chache, za kuhesabika kwa vidole. Pili, kanisa linaweza kukupa nyumba na hata posho, lakini haliwezi kukupa viza. Ofa ile haikugusa hata mstari mmoja wa sheria ya uhamiaji ya Ugiriki. Anayekuuzia fomu yake leo anakuibia. Na wale wanaochanganya habari hii na nyumba za euro moja wajue kwamba nyumba zile ni za Italia, katika vijiji kama Sambuca kule Sicily. Ugiriki ni nchi nyingine na ina utaratibu wake.

Ili tuelewane, tutenganishe vitu vitatu ambavyo kwenye mazungumzo huwa vinakorogwa pamoja. Ukaazi ni ruhusa ya kuishi nchini. Biashara ni ruhusa ya kuuza. Riziki ni kama mauzo yenyewe yatakulisha mwaka mzima. Mtu anayefanya biashara Kariakoo anaijua tofauti hii bila kufundishwa: kuwa na nauli ya kufika mjini si kuwa na fremu, na kuwa na fremu si kuwa na wateja. Kwa kisiwa cha mbali watu huisahau, kwa sababu picha ni nzuri.

Ukaazi: kila mlango na kazi yake

Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, viza ya kawaida ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Ni viza ya kutembea. Unaweza kukaa kwenye kisiwa, kuongea na wenye majengo, hata kuhesabu watu wanaoingia duka la jirani. Kuuza huruhusiwi. Anayetaka kukaa anaomba viza ya taifa, aina D, ubalozini kabla ya safari (kwa eneo letu upo ubalozi wa Ugiriki Nairobi), na akishafika anaomba kibali cha ukaazi.

Viza D ina milango mingi: masomo, ajira, kuungana na familia, uwekezaji, kazi za mtandaoni na mingineyo. Ukipita mlango mmoja, huna haki ya kufanya kazi ya mlango mwingine, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Chukua mlango wa kazi za mtandaoni, ulioanzishwa mwaka 2021. Unadai kipato cha angalau euro 3,500 kwa mwezi kutoka kwa mwajiri au wateja walio nje ya Ugiriki, na unakukataza waziwazi kufanya kazi au biashara ndani ya nchi. Kwa hiyo yule anayesema "nitaingia kwa laptopu kisha nifungue duka taratibu" anajiandalia kufutiwa kibali.

Halafu kuna ile inayoitwa viza ya dhahabu: unanunua nyumba, unapewa ukaazi. Ilianza mwaka 2013 kwa euro 250,000. Tangu Septemba 2024 bei imepanda: euro 800,000 kwa Athens na mkoa wake wa Attica, Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyote vyenye wakazi zaidi ya 3,100, euro 400,000 kwa sehemu nyingine. Kiwango cha euro 250,000 kimebaki kwa hali maalumu, kama kugeuza jengo la biashara kuwa makazi. Visiwa vingi vidogo vinaangukia kwenye zile 400,000. Kibali hicho hakikupi haki ya kuajiriwa, na nyumba yenyewe siku hizi hairuhusiwi kupangishwa kwa watalii wa siku mbili tatu. Kuwekeza kwenye biashara kunawezekana pia, ila mlango huo umepimwa kwa miradi mikubwa, wala si kwa fremu ya mita 20 za mraba yenye rafu nne.

Nani basi anaweza kwa urahisi? Ndugu zetu wenye pasipoti za Umoja wa Ulaya. Mswahili aliyechukua uraia wa Sweden, Uholanzi au Ujerumani anahamia Ugiriki kama mtu anayehama kutoka Tanga kwenda Mtwara. Akipitisha miezi mitatu anajiandikisha, na kufungua duka ni haki yake sawa na Mgiriki. Mume au mke wake naye anapata kadi ya ukaazi kupitia kwake. Wenye pasipoti ya Uingereza walikuwa na haki hiyo. Baada ya nchi yao kutoka kwenye Umoja wamerudi kwenye foleni moja na sisi.

Hapa kuna kosa ninaloliona sana, na linaumiza watu. Mtu ana kibali cha kukaa Ujerumani au Ubelgiji, anaamini makaratasi yake yanatosha Ulaya nzima. Kibali cha ukaazi kinakuruhusu kutembelea nchi za Schengen. Kuishi na kufanya biashara ni katika nchi iliyokitoa. Aliyekaa miaka mitano kihalali na kupewa hadhi ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya anaweza kuomba kuhamia nchi mwanachama nyingine, kwa masharti. Angalia kadi yako imeandikwaje kabla hujafunga mabegi.

Biashara: namba, mhasibu na risiti

Tuseme ukaazi umepatikana. Kufungua duka kisheria si kugumu kama watu wanavyosimulia, na hili ni jambo jema kulisema. Unahitaji AFM, namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa, ambayo kwetu ni TIN na Kenya ni PIN. Bila AFM huwezi kupanga nyumba wala kuunganishiwa umeme. Unajisajili kwenye hifadhi ya jamii, unaandikisha biashara, na duka la bidhaa za kawaida linaanza. Ukiuza chakula kuna taarifa ya kupeleka na masharti ya afya. Ukitaka kampuni, sheria inakuruhusu kuiandikisha kwa mtaji wa euro 1. Ni kweli kabisa. Lakini kampuni ya euro 1 haikuletei kibali cha ukaazi, na matangazo mengi ya mtandaoni yanalifumba hilo.

Mtu wa kwanza wa kumtafuta, kabla ya fundi rangi, ni mhasibu. Wao wanamwita *logistis*. Duka dogo Ugiriki haliendi bila yeye. Mauzo yanapelekwa mamlaka ya kodi kielektroniki, mashine ya risiti imeunganishwa na mashine ya kadi, na kila senti inaonekana. Aliyezoea EFD, mashine ya risiti za kodi ya Tanzania, atajisikia nyumbani. Ukiingia duka lolote, tazama karibu na kaunta: kuna tangazo linalosema mteja halazimiki kulipa kama hakupewa risiti. Ni sheria, na wateja wanaijua.

Sasa kodi. VAT ya Ugiriki ni asilimia 24 kwa bidhaa nyingi, wakati Tanzania Bara ni 18 na Kenya 16. Vyakula vingi viko kwenye 13, na vitabu na dawa kwenye 6. Visiwa vitano, yaani Lesbos, Chios, Samos, Kos na Leros, vimekuwa na punguzo la asilimia 30 ya viwango hivyo, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kulipeleka kwenye visiwa vingine vidogo vya mpakani. Kwa hiyo usemi kwamba visiwani hakuna kodi ni uzushi. Vipo vyenye nafuu, na ni muhimu ujue chako kipo upande gani.

Linalowashtua wageni zaidi ni hifadhi ya jamii. Aliyejiajiri analipa mchango wa kila mwezi, uuze usiuze. Daraja la chini kabisa la kawaida ni kama euro 250, ingawa anayeanza ana daraja la nafuu kwa miaka ya mwanzo. Na tangu sheria ya Desemba 2023, mamlaka ya kodi inachukulia kwamba kila aliyejiajiri anapata angalau kiasi kinacholingana na mshahara wa kima cha chini, hata kama vitabu vyake vinasema vingine. Biashara changa na za visiwa vidogo zimepewa ahueni, lakini ujumbe umefika: huwezi kuwa na duka la kujifurahisha.

Fremu, au kwa nini milango iliyofungwa haipangishwi

Ukitembea kisiwani utaona maduka matatu yamefungwa kwenye uchochoro mmoja, na utajiambia kwamba fremu ni bwerere. Subiri. Visiwa hivi vilitoa watu kwa miaka mingi. Watu wa Kythera na Kastellorizo walimiminikia Australia. Wengine walikwenda Misri, wengine wakaja kwetu: Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge Tanganyika, na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifungua maduka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Aliyeondoka hakuuza nyumba. Akafa, wakarithi watoto, kisha wajukuu. Mlango mmoja wa buluu unaweza kuwa wa watu kumi na moja, wanne wako Melbourne na wawili hawasemezani. Bila wao kuelewana, mkataba haupatikani kirahisi. Mtu yeyote aliyepitia mirathi ya shamba la babu anajua ninachosema.

Na pale fremu nzuri inapopatikana, kwenye njia ya kutoka bandarini, utakutana na neno *aeras*. Maana yake ya kawaida ni hewa. Ni fedha unayompa mpangaji anayeondoka ili akuachie nafasi, wateja na jina. Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana: ni kilemba, au kama wanavyosema Nairobi, gudwili. Sawasawa na kilemba cha hapa, hakionekani kwenye tangazo, na ukiondoka vibaya hakirudi. Faraja ni kwamba mkataba wa pango la biashara Ugiriki unamlinda mpangaji kwa angalau miaka mitatu.

Jambo lingine la kuuliza mapema ni mahali kisiwa kilipo. Katika maeneo ya mpakani, yakiwemo visiwa vyote vya Dodecanese (kundi la kusini-mashariki, karibu na Uturuki) na vikubwa vya mashariki ya bahari ya Aegean, mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya anahitaji idhini maalumu kununua jengo au ardhi. Wapo waliolipa wakala kabla ya kulisikia hilo. Na nyumba ya kulala? Walimu na madaktari wanaopangiwa kazi kwenye visiwa vya utalii wanahangaika kila Septemba kupata chumba, kwa sababu vyumba vyote vinaliwa na wageni wa usiku mmoja mmoja.

Riziki: miezi kumi na miwili kwa fedha ya mitano

Hapa ndipo penyewe. Tupige hesabu ya mfano, namba za pango nimezichagua mimi ili uone umbo la jambo. Pango euro 600 kwa mwezi, hifadhi ya jamii 250, mhasibu 100, umeme na intaneti 150. Jumla euro 1,100 kwa mwezi, euro 13,200 kwa mwaka.

Unauza sabuni ya mafuta ya zeituni kwa euro 6.20. VAT ni euro 1.20, inabaki 5. Umeinunua kwa 2.50, kwa hiyo faida ni euro 2.50 kwa kipande. Ili ulipe zile 13,200 lazima uuze vipande 5,280. Msimu wa watalii kwenye kisiwa kidogo ni kama siku 150, katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba. Vipande 35 kila siku, Jumapili na sikukuu humohumo, kabla hujanunua mkate wako wala kulipa kodi ya mapato. Kodi hiyo ina lake jambo pia: Ugiriki inadai sehemu ya kodi ya mwaka ujao mapema, kwa makadirio ya mwaka uliopita. Anayefanya vizuri mwaka wa kwanza akazitumia zote, mwaka wa pili humkuta hana kitu.

Watu wa Lamu na Nungwi wanaujua msimu mbaya. Masika ikiingia, hoteli zinafunga, wafanyakazi wanarudi makwao, maduka ya vitenge yanalala. Lakini kwetu ni miezi miwili mitatu. Huko ni zaidi ya nusu mwaka. Na mzigo unanunuliwa Machi na Aprili, kabla mtalii wa kwanza hajashuka. Fedha inatoka masika na kurudi Julai. Ukikosea kununua, mzigo unalala mpaka mwaka kesho.

Halafu bahari. Karibu kila kitu kinatoka Piraeus, bandari ya Athens, kwa meli. Visiwa vya Iraklia, Schinoussa, Koufonisia na Donoussa vinategemea meli ndogo inayopita kati ya Naxos na Amorgos, maarufu kwa jina la Skopelitis. Njia ambazo hazina faida ya kibiashara serikali inazilipia ruzuku, na Wagiriki wanaziita njia tasa. Upepo ukifika kiwango cha 8 cha Beaufort, kwa kawaida meli zinazuiwa kutoka. Julai na Agosti, katikati ya mavuno yenyewe, huvuma meltemi, upepo wa kaskazini chini ya anga safi isiyo na wingu. Anayetoka Pemba au Mafia haoni ajabu: jua linawaka na boti haitoki. Ipo pia fidia ya serikali ya gharama za kusafirisha mizigo visiwani, iliyowekwa kwa sheria ya 2018, na mhasibu mzuri anajua kuiomba.

Kwa hiyo swali la maana ni nani atanunua Januari. Ndiyo sababu nataka turudi kwenye orodha ya Antikythera. Waliomba mwoka mikate. Hawakuomba duka la hereni wala mishumaa ya manukato, ambayo ndiyo biashara karibu kila mgeni anaiwaza kwanza. Kisiwa kidogo kinachohitaji watu kinahitaji *pantopoleio*, neno linalomaanisha duka la kuuza kila kitu: vitunguu, betri, mitungi ya gesi, kamba za kuvulia, dawa ya panya, kiberiti. Faida kwa kipande ni ndogo kuliko ya sabuni, lakini mteja ni yuleyule miezi yote kumi na miwili, na anakuja mara mbili kwa siku. Kama ndugu yangu angeniuliza, ningemwambia akakae kisiwani Februari kabla ya Agosti, ajifunze Kigiriki cha sokoni, na ikiwezekana afanye kazi kwenye duka la mwingine msimu mmoja mzima.

Februari hiyo ataona kitu atakachokitambua. Chini ya kaunta, pembeni ya mashine ya risiti, kuna kijitabu chenye majina. Wanakiita *tefteri*. Neno lilitoka kwa Wagiriki wa kale, *diphthera*, ngozi ya kuandikia. Likapita kwa Waajemi, Waarabu na Waturuki, likarudi Ugiriki likiwa tefteri, na kwetu likafika likiwa daftari. Kazi yake ni ileile ya duka la Mangi. Mama mtu mzima anachukua unga kilo mbili na betri za redio, pensheni haijaingia. Mwenye duka anampa risiti, kisha anafungua tefteri, anaandika jina na kiasi. Anamuuliza magoti yanaendeleaje. Mama naye anamuuliza swali ambalo kila anayeingia leo ameliuliza, kama meli ya Jumanne itafika, maana sasa ni Ijumaa.